Kiporo cha mahindi: sufuria, hotpoti, friji au friza?

Makande hayapikwi kidogo. Mtu aliyeloweka mahindi na maharage tangu jana yake, akakalia mkaa saa mbili nzima, hapimi kikombe kimoja. Anajaza sufuria, na anajua kesho yatakuwepo. Mahindi mabichi nayo, msimu ukishika, hayanunuliwi mawili. Unachukua kumi kwa kuwa bei imeshuka, au mgeni anateremka na kiroba kutoka shamba. Mnachemsha yote, mnatafuna mpaka taya zinachoka, na jioni bado kuna mahindi sita yanaelea kwenye maji ya chumvi yaliyopoa.

Hapo kila nyumba ina sheria yake. Bibi yangu alichemsha upya usiku, akafunika, akalala. Mama aliamini hotpoti. Mimi nina friji, na jirani yangu wa ghorofa ya juu ana friza anayogandishia barafu za kuuza, nami naomba kona yangu humo. Njia zote nne nimezitumia, nyingine nikajuta. Ukiniuliza ipi bora, nitakuuliza kwanza: mahindi yameipuliwa saa ngapi?

Saa kabla ya chombo

Chakula kilichopikwa huharibika haraka kikiwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo vijidudu vingi vinazaana kwa kujikokota, na juu ya hapo vinashindwa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Wizara ya Kilimo ya Marekani inaongeza kwamba hewa ikizidi nyuzi 32, saa mbili hizo zinakuwa moja. Anayepika Dar, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari anajua jiko lake liko upande gani wa nyuzi 32.

Wengi tunadhani mahindi yaliyotokota saa mbili hayana tena kitu hai ndani. Kumbe kuna bakteria, mmojawapo akiitwa Bacillus cereus, anayeishi kwenye udongo na hivyo kuifuata nafaka mpaka jikoni. Maji yanayochemka humuua mwenyewe, lakini spora zake hubaki, zimejikunja kama mbegu kavu. Chakula kikipoa polepole, mbegu hizo zinaota. Zikishaota na kuzaana zinaweza kutoa sumu inayomtapisha mtu ndani ya saa chache, na sumu hiyo haivunjiki kwa kuchemshwa. Mwenzake, Clostridium perfringens, anapenda hasa masufuria makubwa ya maharage na nyama yaliyoachwa yapoe yenyewe, na huyo huleta tumbo la kukata na kuharisha.

Ndiyo maana ule msemo wa jikoni, "yapashe moto tu, vijidudu vitakufa", ni nusu ya ukweli. Vijidudu vinaweza kufa na sumu yake ikabaki kwenye sahani. Wala pua haitoshi kupima: kilichochacha utakinusa, ila kilichoingia sumu pasipo kuchacha hakinuki.

Sufuria iliyofunikwa jikoni

Njia ya bibi ilikuwa hivi. Makande yanarudishwa motoni usiku mpaka yanatokota kabisa, kifuniko kinawekwa na hakiguswi tena, wala upawa hauingii. Asubuhi yanachemshwa kabla mtu hajala. Haihitaji umeme, haihitaji chombo cha kununua, na kuna nyumba nyingi ambazo mpaka leo hazina nyingine.

Lakini bibi aliishi Lushoto, ambako usiku wa Julai unataka blanketi mbili. Mimi niliiga mtindo huohuo Mbagala. Kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi kuna saa nane, na sufuria kubwa ya makande hapa Pwani inabaki vuguvugu mpaka usiku wa manane. Hata baridi ya Lushoto haishuki mpaka nyuzi 5, ila angalau inapunguza kasi. Hapa kwetu hakuna kinachoipunguza. Makande yasiyo na nazi mara nyingi yatafika asubuhi bila kunuka, na hapo ndipo yanapodanganya. Yenye tui huwa yameshatoa povu.

Kwa mahindi ya kuchemsha mambo ni mabaya zaidi kwa sababu ya yale maji. Watu huyaacha humohumo ili yasikauke. Maji yale yana wanga na sukari iliyotoka kwenye punje, yanashikilia joto kwa muda mrefu, na ndiyo yanayotangulia kuchacha. Ukilazimika kuyaacha nje kwa saa moja hivi ukisubiri watu wa kula, yatoe kwenye maji, yamenye maganda yaliyobaki, yatandaze kwenye sinia na uyafunike kwa kitambaa safi.

Nikiwa sina friji kabisa, nisingehangaika na kiporo cha mahindi mabichi. Ningechemsha ya kuliwa leo tu, mengine ningeyaacha mabichi ndani ya maganda yake, mahali penye kivuli na hewa. Yatapoteza utamu, hilo halikwepeki. Mahindi matamu ya kizungu, yakikaa kwenye nyuzi 30, yanaweza kugeuza zaidi ya nusu ya sukari yake kuwa wanga kwa siku moja. Lakini hindi lisilo na utamu ni afadhali kuliko tumbo lenye vita.

Hotpoti

Hotpoti huwa tunaitumia kuhifadhi wakati kazi yake ni kuchelewesha. Haipashi moto. Inapunguza tu kasi ya kupoa. Ikijazwa chakula kinachotokota inaweza kukiweka juu ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa, na muda wote huo chakula kiko salama. Ikishuka chini ya hapo imegeuka kuwa kitanda cha vijidudu, tena kimefungwa vizuri wasipigwe baridi.

Kwa hiyo inafaa kutoka mchana hadi jioni, kwa mtu anayepika saa saba na kulisha watoto wanaorudi saa kumi na moja. Haifai kulaza. Nimewahi kufungua asubuhi hotpoti ya makande ya usiku: yalikuwa na joto la mwili, yale ambayo mkono unayapenda. Hilo ndilo joto baya kuliko yote.

Ukitaka ikusaidie, mimina maji yanayochemka ndani yake, funika dakika kumi, mwaga, ndipo uweke chakula. Ijaze, maana hotpoti yenye robo ya chakula inapoa upesi. Kipimajoto cha jikoni ndicho kinachosema kweli. Asiyekuwa nacho achote kijiko na kuweka chakula kiganjani: nyuzi 60 mkono haustahimili, utakirudisha mwenyewe. Ukiweza kukishika ukitafakari, kipashe mpaka kitokote ule sasa hivi, au kama hujui kimekaa hivyo tangu lini, kiache.

Mahindi ya magunzi kwenye hotpoti yana kasoro ya pili: mvuke unarudi juu yake na ganda la punje linalegea. Hayadhuru, ila hayana tena ule mng'ato.

Friji, na sufuria yangu iliyochacha humo ndani

Hapa ndipo nilipoangukia. Jumamosi moja nilipika makande ya wageni, wageni wakala kidogo, nami nikaiingiza sufuria nzima kwenye friji, moto wake ukiwa bado unapumua, kifuniko juu. Jumatatu nikachota pembeni: safi. Nikachota katikati: yamechacha, yana mapovu madogo, na kijiko kinateleza. Kwenye friji! Nililaumu friji, nikamlaumu fundi aliyeitengeneza. Makosa yalikuwa yangu. Sufuria nene iliyojaa mpaka juu hupoa kuanzia kingo. Katikati yake palibaki vuguvugu karibu usiku kucha, na wakati huohuo joto lake lilikuwa linawapasha jirani zake, maziwa na samaki.

Tangu hapo nafanya hivi. Chakula kikiipuliwa na watu wakishapakua, kilichobaki nakigawa palepale kwenye makopo mapana, kina kisizidi vidole vitatu. Nikiwa na haraka, naweka sufuria kwenye beseni la maji baridi na kukoroga, nabadilisha maji mara mbili. Mvuke ukiisha, makopo yanaingia friji, yakiwa yameachiana nafasi ili hewa ipite. Hakuna haja ya kusubiri yawe baridi kabisa mezani. Kusubiri huko ndiko kunakomaliza zile saa mbili.

Friji yenyewe iwe nyuzi 4 au 5, si zaidi. Kwa hali hiyo kiporo cha mahindi kinaishi siku tatu hadi nne, kiwe makande au mahindi ya kuchemsha. Yale ya tui mimi siyavushi siku ya pili. Hayo ni maamuzi ya nyumbani kwangu, lakini anayepika mahindi ya nazi anajua tui lina subira ndogo.

Mahindi ya magunzi yatoe kwenye maji, yakauke kidogo, yaweke kwenye chombo chenye kifuniko. Yatakuwa magumu. Wanga uliolainika kwa moto hujikaza tena kwenye baridi, ndiyo maana hindi la jana linatafunika kama limezeeka. Kulipasha kwenye maji yanayotokota dakika chache, au kwenye maikrowevu likiwa limefunikwa kitambaa kibichi, linarudi karibu na lilivyokuwa. Njia ninayoipenda zaidi ni kulipukuchua likiwa bado na vuguvugu la kwanza, punje zikaenda kwenye kopo. Gunzi halichukui tena nafasi, na kesho punje zinaingia kwenye mchicha, kwenye wali au zinakaangwa na vitunguu. Mahindi ya kuchoma pia nayafanya hivyo. Kuyahifadhi kwenye gunzi ni kuhifadhi ubao.

Pasha kile unachokula tu, mpaka kitokote, na kilichopashwa kikibaki kisirudi tena. Mtoto mdogo na mjamzito wasiwe wa kumalizia kiporo cha siku ya nne.

Sasa, kuna desturi ya kuzima friji usiku ili kuokoa uniti za LUKU. Naielewa, bei ya umeme tunaijua sote. Lakini friji inayozimwa kila usiku ni kabati. Mlango ukiwa umefungwa, friji hushikilia baridi kama saa nne, na usiku una zaidi ya hizo. Kama lazima uzime, ihesabu nyumba yako miongoni mwa zisizo na friji, na usome upya sehemu ya sufuria.

Friza

Kwa anayepika makande ya sufuria kubwa mara moja kwa mwezi, hii ndiyo njia inayoshinda, na haina mshindani wa karibu. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri vijidudu havizaani. Chakula kinabaki salama muda mrefu sana. Kinachopungua ni ladha, na baada ya miezi mitatu au minne makande yanaanza kuwa na ladha ya friza.

Makande yanaganda vizuri ajabu, maharage yakiwemo. Yapakie kwa kiasi cha mlo mmoja na uache upenyo juu, maana maji yakiganda yanatanuka na kupasua kopo. Makopo ya siagi na aiskrimu yanatosha. Andika tarehe kwenye plasta. Nimewahi kuyeyusha kopo nikidhani ni makande, yakatoka maini ya Pasaka.

Punje zilizopukuchuliwa zitandaze kwanza kwenye sinia zigande moja moja, halafu zimimine kwenye kopo. Utachota kiganja bila kuvunja jiwe. Mahindi ya magunzi yanagandika, ila gunzi linanyonya maji na likiyeyuka linalowesha punje. Kama nafasi si tatizo, sawa. Kwangu, kona ya kuomba kwa jirani, haiwezekani. Na tui usiligandishe ukitegemea lirudi laini. Litakatika. Gandisha mahindi yenyewe, tui utie siku ya kula.

Kuyeyusha ni kwenye friji usiku kucha au moja kwa moja kwenye sufuria motoni. Si juu ya kaunta asubuhi hadi jioni.

Friza ina udhaifu mmoja ambao watu hawausemi: haisafishi. Oktoba 2020, katika jimbo la Heilongjiang nchini China, watu tisa walikufa baada ya kula tambi za unga wa mahindi uliochachushwa, zilizokuwa zimekaa kwenye friza ya nyumbani karibu mwaka mzima. Sumu iliyowaua, asidi ya bongkreki, haikuvunjwa na barafu wala na kupikwa. Sumu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kwenye pombe ya unga wa mahindi iliyoua watu 75 Chitima, Msumbiji, Januari 2015. Yale yalikuwa mahindi ya kuchachusha, makande yetu si hayo. Lakini kiporo kilichokwisha shinda mezani mpaka magharibi hakiokolewi kwa kugandishwa.

Kwa anayetaka kuona zote kwa mara moja:

| | Muda | Inafaa | Haifai |
|---|---|---|---|
| Sufuria jikoni | Saa 2. Saa 1 kwenye joto kali | Kusubiri wa kula | Kulaza |
| Hotpoti | Saa kadhaa, ikiwa juu ya nyuzi 60 | Mchana hadi jioni | Kulaza, chakula kidogo |
| Friji | Siku 3 hadi 4 | Punje, makande kwenye makopo mapana | Sufuria nzima ya moto. Nyumba inayozima usiku |
| Friza | Miezi 3 hadi 4 kwa ladha nzuri | Makande, punje | Tui. Kilichokwisha kaa nje |

Njia nyingine ambazo watu huniuliza

Mtungi wa maji au chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi: ni ubunifu mzuri kwa nyanya na mahindi mabichi, hasa Dodoma na Singida ambako hewa ni kavu. Hufanya kazi kwa maji kuvukizwa, hivyo kwenye unyevu wa Pwani unapoteza nguvu. Na popote ulipo, hauteremki mpaka nyuzi 5. Si wa chakula kilichopikwa.

Kufungia punje kwenye chupa ya kioo kama mtu anavyofanya achari: usijaribu. Mahindi hayana ukali wa asidi. Ndani ya chupa isiyo na hewa, spora za Clostridium botulinum zinaota na kutoa sumu inayopoozesha mwili, na kuchemsha chupa kwenye sufuria ya kawaida hakuziui, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100. Viwanda hutumia mitambo ya mgandamizo. Hata lile kopo la dukani la mahindi matamu, ukishalifungua, yahamishie kwenye chombo kingine, friji, na hesabu ni ileile ya siku tatu au nne.

Kukausha juani mahindi yaliyochemshwa kunawezekana, ila yaanze kukaushwa mara tu yanapotoka motoni, kwa tabaka jembamba, kwenye jua lisilotania. Yakichukua siku nne kwa sababu ya mawingu utapata ukungu. Kuvu wa mahindi tunawajua: mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na wale walikula mahindi yaliyopikwa vizuri tu. Ukiona punje zimeota unyoya, usichambue zilizo nzuri. Mwaga zote, na usiwape kuku.

Ningechagua ipi

Nyumba ya watu wawili yenye friji isiyozimwa haina haja ya friza: pukuchua, gawa, maliza kabla ya siku ya nne. Familia kubwa au anayefanya kazi mpaka usiku, friza, hata ya kushirikiana na jirani. Mkichangia umeme hata udugu unanoga. Anayetegemea mkaa peke yake, hotpoti kwa ajili ya jioni na sufuria ndogo zaidi Jumamosi. Hapo najua nasema jambo gumu, kwa sababu makande ya sufuria ndogo yanakula mkaa uleule. Lakini kuna dawa: loweka na chemsha mahindi na maharage ya siku moja, mengine yabaki makavu guniani, ambako hayadai friji.

Na kwa sisi wa umeme unaokatika. Friza iliyojaa hushikilia barafu kama saa 48 mlango usipofunguliwa, iliyojaa nusu kama saa 24. Shida ni kwamba ukisafiri hujui ulikatika saa ngapi. Unarudi unakuta kila kitu kimeganda tena, kinakutazama kwa adabu. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 jirani alinifundisha ujanja. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi mia mbili juu ya barafu, kiache humo friza. Ukirudi, sarafu ikiwa bado juu, makande ni yako. Ikiwa imezama katikati, yaliyeyuka kiasi na huwezi kujua yalifika joto gani, mimi humwaga. Ikiwa chini kabisa ya kikombe, fungua ndoo ya taka bila kunusa.